Mapatano ya Kioo na Mtutu

Neno darubini lilitufikia kutoka Kiajemi, na waliolibuni hawakuzunguka: dur ni mbali, bin ni kuona. Kwa nahodha aliyesimama tezini akiutafuta mwambao, jina hilo lilitosha. Kilicho mbali kimesogezwa karibu, kazi imekwisha. Darubini ilipopandishwa juu ya bunduki, jina lake likawa nusu ya ukweli. Anayelenga shabaha hatosheki na kuona. Anataka hakika kwamba pale jicho linapotua ndipo risasi itakapotua, na hilo kioo peke yake hakiwezi kumpa. Kioo kinaweza kumwonyesha mwindaji unywele mmoja mmoja kwenye sikio la pofu aliye mita 200, na risasi bado ikapita nusu mita kando. Ninachodai hapa ni kwamba historia ya darubini ya bunduki imesimuliwa mno kama historia ya kioo, ilhali sehemu kubwa ya umri wake imeliwa na vyuma vinavyokishika kioo hicho, yaani pete, skrubu na vikalio, pamoja na desturi ya kupiga risasi chache kwenye karatasi ili kioo na mtutu vipatane. Anayeanza leo, mwenye bisibisi mkononi na darubini mpya bado ikiwa kwenye boksi lake, anafanya kwa saa moja au mbili kazi iliyowatoa mafundi jasho kwa zaidi ya karne.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hoja hii itaonekana ni ushabiki wa vyuma tu. Chukua darubini iliyoshikwa na pete mbili zilizoachana sentimita 10. Tia chini ya pete moja kipande cha karatasi ya daftari, ambacho unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hapo mezani hutaona tofauti yoyote. Kwenye mita 100 tofauti hiyo imeshakuwa sentimita 10, na kwenye mita 300 ni sentimita 30, nafasi ya kutosha kumkosa mnyama au, vibaya zaidi, kumjeruhi akakimbilia kichakani. Kwa hiyo chembe ya mchanga iliyobanwa chini ya pete, au skrubu iliyolegea kidogo, ina uzito kuliko ubora wa lenzi. Isitoshe, mtutu na darubini havitazami mahali pamoja kwa asili yao. Darubini hukaa sentimita 4 au 5 juu ya mtutu, na risasi huanza kuvutwa chini mara tu inapoondoka mdomoni. Ili vikutane, mstari wa jicho na mtutu huinamishwa kidogo kimoja kuelekea kingine, risasi ipande, iukate mstari wa jicho karibu na mpigaji, kisha iukate tena mbali zaidi ikiwa inashuka. Kusawazisha darubini ni kuchagua umbali mmoja na kuulazimisha mkutano huo utokee hapo. Ni mapatano kwa maana halisi ya neno, na kama mapatano yote yanaweza kuvunjika.

Hatua ya kwanza kuelekea huko haikuchukuliwa na mpiga bunduki. Karibu na mwaka 1640 Mwingereza William Gascoigne, mtazama nyota wa upande wa Leeds, aligundua kwamba uzi mwembamba ukiwekwa ndani ya darubini mahali pale picha inapojikusanya, jicho huuona uzi na nyota kwa ukali uleule. Inasimuliwa kwamba buibui ndiye aliyemfundisha, baada ya kutanda utando ndani ya chombo chake. Gascoigne aliuawa mwaka 1644 katika vita vya Marston Moor, bado kijana, na ugunduzi wake ukabaki kwa wanajimu na wapima ardhi. Ungewafaa walenga shabaha pia, kwa sababu vilengeo vya chuma vinalitaka jicho lishike vitu vitatu kwa pamoja: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na shabaha yenyewe. Jicho la ujana hujikaza likaviruka kwa haraka. Jicho lililopita miaka arobaini hukataa. Uzi wa Gascoigne ulivipeleka vyote kwenye bapa moja. Faida kubwa ya darubini kwa mpiga bunduki, tangu siku ile hata leo, iko hapo zaidi kuliko kwenye kukuza.

Msomaji atauliza: kama mambo ndiyo hayo, mbona bunduki zilingoja karne mbili? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kioo cha zamani kilikuwa kibovu. Silikubali. Mwaka 1758 John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi isiyochafua picha kwa rangi za upinde wa mvua, na katika miongo iliyofuata darubini nzuri za mkononi zilizagaa kwenye meli za kila bahari. Kama kioo ndicho kilichokuwa kizuizi, kizuizi hicho kiliondoka kabla Napoleon hajazaliwa. Jibu la pili lina nguvu zaidi: bunduki zenyewe hazikustahili darubini. Gobore lenye mtutu laini hutupa risasi yake kokote ndani ya upana wa mlango, na kulifunga darubini ni kumvisha punda hatamu za farasi wa mbio. Hilo ni kweli, na linaeleza vizuri kusubiri hadi miaka ya 1830, mafundi wa Marekani walipoinoa mitutu yenye mifereji ya kuizungusha risasi hadi ikaweza kurudia tundu lilelile. Halielezi kwa nini baada ya hapo ilichukua karibu miaka mia mingine kabla darubini haijawa kitu cha kawaida kwenye bunduki ya mtu yeyote. Tofauti hiyo ya karibu miaka mia ndiyo ninayoitafutia maelezo.

Katika miaka ya 1840 John R. Chapman, mhandisi, alishirikiana na fundi bunduki Morgan James wa mji wa Utica, jimbo la New York, wakatengeneza darubini ya bunduki iliyoandikiwa maelezo ya kina. Mwaka 1855 William Malcolm wa Syracuse, jimbo hilohilo, alianza kuuza za kwake zenye lenzi bora na marekebisho mazuri zaidi. Zilikuwa bomba jembamba refu, mara nyingi karibu urefu wa mtutu mzima, lililoshikwa mwanzo na mwisho. Ndani ya bomba hapakuwa na kinachosogea: aliyetaka kupandisha risasi au kuihamisha upande alilisogeza bomba zima kwa skrubu za kifungio. Urefu ule ulikuwa na akili yake. Ukirudi kwenye hesabu ya karatasi, pete zikiachana sentimita 70 badala ya 10, kosa lilelile la unene wa karatasi hupungua mara saba. Mafundi wale walinunua usahihi kwa urefu, na urefu ukaleta uzito na udhaifu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, baadhi ya bunduki za namna hii zilizidi kilo 10, zikisafirishwa kwa magari ya farasi na kupigwa zikiwa zimeegemezwa. Upande wa Kusini ulikuwa na bunduki chache za Whitworth kutoka Uingereza, na baadhi yake zilibeba darubini fupi ya Davidson ubavuni kushoto. Picha ya vita ile inayobaki vichwani ni mdunguaji juu ya mti. Bunduki nyingi za darubini zingemvunjia tawi.

Kufupisha bomba ilikuwa kazi ya Austria. August Fiedler wa Stronsdorf, msimamizi wa misitu, alitengeneza mwaka 1880 darubini fupi ya kumfaa mwindaji anayetembea, na kufikia mwaka 1900 kampuni ya Kahles ya Vienna ilikuwa ikiuza za kwake chini ya jina Telorar. Bomba lilipokuwa fupi, deni la usahihi likahamia lote kwenye kifungio, na mafundi wa Austria na Ujerumani wakalilipa kwa tupa. Kifungio cha makucha walichokipendelea kilikuwa na miguu yenye ndoano chini ya darubini, iliyoingia kwenye matundu ya vikalio vilivyokazwa juu ya bunduki. Mwindaji aliweza kuichomoa darubini msituni na kuirudisha, nayo ikakaa palepale ilipokuwa. Ila kila ndoano ilipigwa tupa kwa mkono hadi ikalingana na tundu lake, na darubini ya bunduki hii haikuingia kwenye bunduki ile. Chombo kilikuwa kimoja kwa bunduki moja, kama ufunguo na kufuli, na bei yake ilikuwa ya watu wenye misitu yao.

Vita Kuu ya kwanza iliujaribu mfumo huo kwa ukatili. Ujerumani iliingia mwaka 1914 ikiwa na wawindaji wengi na mafundi wengi, na bunduki za uwindaji zenye darubini zilikusanywa upesi zikapelekwa mstari wa mbele. Zilikuja na tatizo. Nyingi zilitengenezwa kwa risasi ya zamani ya mwaka 1888, si ile mpya nene kidogo iliyochukua nafasi yake jeshini, na ikabidi zibandikwe bamba la chuma la kumwonya askari asitie risasi isiyo yake. Bunduki za kijeshi zilizofuata zilifungwa darubini kwa makucha yaleyale ya kupigwa tupa kwa mkono, na namba ya bunduki ikachorwa kwenye darubini yake ili zisipoteane. Kurekebisha juu na chini kulifanywa kwa kifundo kilicho kwenye bomba. Kulia na kushoto kulikuwa ndani ya kifungio, kazi ya fundi mwenye kifaa chake, si ya askari. Waingereza walikuwa nyuma. Walinunua darubini za Aldis na za Periscopic Prism, wakazifunga ubavuni kushoto ili askari aendelee kusukuma vibanio vya risasi tano kutoka juu. Matokeo yake ni kwamba mstari wa jicho na njia ya risasi viliachana kwa upana pia, si kwa urefu tu, vikikutana mahali pamoja na kupishana kila mahali pengine. Na mbele ya tundu jembamba la ngao ya chuma kwenye handaki, aliyepata nafasi ya jicho alikosa ya mtutu.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa undani ni Hesketh Hesketh-Prichard, mwindaji, msafiri na mcheza kriketi, aliyefika Ufaransa mwaka 1915. Alizunguka vikosi akijaribu bunduki za darubini zilizokwisha kugawiwa, akakuta nyingi hazipatani na mitutu yake. Waliopewa hawakufundishwa kuzitunza wala kuzisawazisha. Walizipokea kana kwamba zimetoka kiwandani zikiwa zimekamilika. Mwaka 1916 alianzisha shule ya wadunguaji ya Jeshi la Kwanza, na mwaka 1920 akachapisha kitabu chake juu ya kazi hiyo. Hapa ndipo hoja yangu inapokabiliwa na pingamizi lake zito kuliko yote. Vifungio vilevile, mikononi mwa waliofundishwa, vilifanya kazi. Basi kosa lilikuwa la mtu, si la chuma. Nakubali nusu. Bunduki hazikubadilika kwa ajili ya shule. Waliobadilika ni wapigaji. Lakini tujiulize shule ilifundisha nini hasa. Sehemu yake kubwa ilihusu kuona, kujificha na kuvumilia, na hiyo ni elimu ya mtu. Sehemu iliyohusu darubini ilikuwa kumpa askari wa kawaida ujuzi ambao kifungio cha wakati ule kiliudai na ambao kabla ya hapo ulikuwa kwa fundi bunduki pekee. Chuma kisipobeba ujuzi, mtu ataubeba. Swali la historia ni ujuzi huo ulikaa wapi katika kila kipindi, na mwaka 1915 ulikuwa umekaa mahali pabaya: kwenye karakana, mbali na handaki.

Afrika Mashariki haikuwa na nafasi kubwa katika sura hiyo. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani huku ziliingia vitani mwaka 1914 na bunduki za mfano wa 1871 zenye baruti ya moshi mweusi, na kila aliyefyatua alitangaza alipo. Bora zaidi waliziteka kwa Waingereza kule Tanga mwezi Novemba. Kwenye moshi wa namna hiyo darubini haina la kusema. Ila bunduki kubwa zilizobuniwa kwa ajili ya tembo na faru zilipata ajira Ufaransa: Hesketh-Prichard alizitumia kutoboa ngao za chuma ambazo wadunguaji wa Kijerumani walijificha nyuma yake.

Mgeuko ulitokea Marekani, na haukutokana na kioo bora. Mwaka 1930 William Weaver alianza kuuza darubini yake ya 330 kwa dola 19 pamoja na kifungio. Ilikuwa bomba jembamba lenye ukuzaji mdogo, na mtu wa Vienna angeicheka. Lakini mkulima wa Texas aliweza kuinunua, akaifunga, na akairekebisha kwa skrubu zilizosogeza nyuzi ndani ya bomba badala ya kulisogeza bomba lenyewe. Wapenzi wa kioo watakumbusha kwamba miaka mitano baadaye, mwaka 1935, Alexander Smakula wa Zeiss alivumbua utando wa kupunguza mwanga unaopotea kwenye lenzi, na kwamba mwaka 1947 Marcus Leupold alianza kujaza darubini gesi ya nitrojeni ili zisipige ukungu kwa ndani. Hayo ni makubwa, na mwindaji wa alfajiri hawezi kuyadharau. Hata hivyo mpangilio wa miaka unasema jambo: umma ulizipokea darubini kabla hazijawa angavu, na ulizipokea siku zilipokuwa rahisi kufungwa na kusawazishwa. Jeshi la Marekani lenyewe lilipotaka bunduki ya wadunguaji mwaka 1943 lilichukua Weaver ya dukani kwa ajili ya M1903A4, likaikalisha kwenye kikalio cha Redfield: pete ya mbele huzungushwa ikajifunga, ya nyuma hubanwa kati ya skrubu mbili zinazotazamana, legeza hii, kaza ile, na darubini nzima inageuka kulia au kushoto. Ilikuwa ni imani kubwa kuwekwa juu ya skrubu mbili, kwa sababu bunduki ile haikuwa na vilengeo vya chuma hata kidogo.

Kilichobaki kilikuwa kukubaliana vipimo. Kwa miaka mingi nyuzi zilizosogezwa ndani ya bomba zilionekana zimehama katikati, na fundi alihangaika kukipanga kifungio kwanza ili asizisogeze sana; katikati ya karne ya 20 watengenezaji walipata njia ya kuzifanya zionekane zimetulia katikati hata zikirekebishwa. Bomba zikakaribia vipimo viwili, milimita 25.4 na milimita 30. Mwaka 1995 jeshi la Marekani likaidhinisha reli ya Picatinny, iliyopewa jina la ghala la silaha la New Jersey, yenye mifereji iliyopishana milimita 10 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pete ya kiwanda hiki ikaingia kwenye reli ya kiwanda kile bila tupa. Kile ambacho fundi wa Vienna alikitoa kwa siku kadhaa za jicho na mkono, mashine ikakitoa kwa maelfu.

Ujuzi uliobaki kwa anayeanza ni mabaki ya karakana hiyo, na kila hatua yake ina kaburi la kosa la zamani chini yake. Baada ya kuhakikisha bunduki haina risasi, anafuta mafuta kwenye matundu ya skrubu na kukaza kikalio. Anailaza darubini kwenye pete bila kuibana, anaiweka kwenye ukuzaji wa juu kabisa, anashika bunduki begani na kuisogeza darubini mbele na nyuma hadi jicho lione duara zima lisilo na kivuli, kwa kawaida likiwa sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo. Wamarekani waliobeba darubini ya Warner & Swasey kabla na wakati wa Vita Kuu walipewa sentimita 4 tu, na teke la bunduki liliwafikishia chombo chenyewe usoni. Kisha anasimamisha uzi wa wima ulingane na kamba ya timazi iliyoning'inizwa mbele, kwa kuwa uzi ulioinama hauonyeshi dosari karibu lakini humhamisha mtu kando kila anapopandisha darubini kwa ajili ya mbali. Skrubu za pete hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kama nati za gurudumu, nafasi za pande zote mbili zikibaki sawa. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho huligeuza bomba na timazi yote ikapotea. Kukaza kupita kiasi ni kosa vilevile, maana bomba huminyika na vilivyomo ndani hukwama.

Risasi zenyewe huja mwisho. Bunduki ikiwa imeegemezwa vizuri, bolti hutolewa, shabaha inatazamwa kupitia ndani ya mtutu, na nyuzi zinasogezwa hadi zitazame mahali pamoja na mtutu. Risasi za kwanza hupigwa mita 25, mahali ambapo hata kosa kubwa litaangukia kwenye karatasi, kisha mita 100. Kila hatua ya kifundo hulia, na mafundi huhesabu mialiko hiyo. Kwenye darubini nyingi mwaliko mmoja ni robo ya dakika ya pembe, kama milimita 7 kwenye mita 100 na chini ya milimita 2 kwenye mita 25. Anayeona risasi yake imekosa kwa sentimita 4 kwenye mita 25 anahitaji mialiko kama 22, na anayeanza, akidhani kila mwaliko una thamani ileile kila mahali, atazungusha sita kisha atalaumu kiwanda. Kosa kubwa zaidi ni kuifukuza risasi moja moja. Bunduki na mpigaji wake hutawanya kidogo daima. Ni katikati ya matundu matatu ndipo panapotoa habari, tundu moja ni uvumi.

Atakuwapo wa kusema kwamba leza za leo, zinazochomekwa mtutuni na kumulika shabaha, zimeifuta sura hii yote. Hazijaifuta. Leza huonyesha mtutu unatazama wapi ukiwa umetulia, ilhali mtutu unaofyatua hutikisika, na risasi ya uzito huu huondoka katika mtikisiko huo tofauti na ya uzito ule. Ndiyo maana bamba la onyo la mwaka 1915 lingali na maana: ukibadilisha aina ya risasi umevunja mapatano, hata kama hakuna skrubu iliyosogea. Kiwanda leo kinaweza kuuza kila kitu isipokuwa hayo mapatano, kwa kuwa hayamo ndani ya darubini wala ndani ya bunduki.

Kambi za uwindaji nchini Tanzania hulijua hili kwa mazoea. Mgeni anapofika na bunduki iliyopita mikono ya wapakuaji wa mizigo ya ndege na kilomita kadhaa za barabara ya vumbi, huwa haanzi na mnyama. Anaanza na karatasi iliyobandikwa mbele ya kichuguu au ukingo wa udongo, mita 100, na mwongozaji wa uwindaji amesimama pembeni na darubini yake ya macho mawili. Risasi tatu. Matundu yakikaa palepale yalipokaa nyumbani kwa mgeni, bunduki inarudi kwenye ala. Yasipokaa, vifuniko vya vifundo vinafunguliwa, na mialiko inaanza kuhesabiwa upya.